Kapo ya Mjini Iliyoenda Baharini Kuigiza Mapenzi

Mdau, mjini kuna kapo ambazo zikiposti picha moja tu, mpaka muuza chipsi anajua. Hawa wawili ni wa aina hiyo. Dada ni mtu wa filamu, sura yake ishapita kwenye tamthilia zaidi ya moja. Kaka ni mchekeshaji, zile klipu zake fupi watu wanarushiana WhatsApp mpaka usiku wa manane. Majina yanahifadhiwa, kwa sababu wana mtoto, na mtoto hakuomba umaarufu.

Ambacho wengi hawakujua ni kwamba mwaka jana mwezi wa 9, wakati komenti zimejaa "mapenzi yenu yanatupa moyo", hawa watu walikuwa na miezi minane hawalali nyumba moja. Kaka amepanga Sinza, dada yuko Tabata, binti yao wa miaka 6 yuko Tanga kwa bibi yake. Talaka ilishazungumzwa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Kilichobaki ni mkataba.

Ndiyo, mkataba. Kampuni moja ya bidhaa za nyumbani iliwalipa kama "familia yenye furaha", na karatasi ilisema mpaka mwisho wa mwaka waonekane pamoja, wacheke, wapike, wasafiri. Nusu ya hela ilishaliwa: kodi, ada, deni la gari. Nusu ya pili ilikuwa inaingia baada ya safari moja yenye picha kali. Wazo la chombo cha tanga lilitoka kwa kaka. Alisema Zanzibar kila mtu kaenda, Dubai kila mtu kaenda, lakini kutoka Kilwa mpaka Mafia kwa upepo, staa gani kafanya? Dada alikubali kwa sababu moja tu. Baada ya hapo kila mtu ashike njia yake.

Kilwa, staa wa zamani

Chombo chenyewe kilikuwa jahazi dogo lililokarabatiwa kwa ajili ya wageni. Vitanda vinne, choo ambacho ukigeuka unagonga kiwiko, jiko la gesi, na mashine ndogo kwa ajili ya sehemu zisizo na upepo. Watu walikuwa watano: nahodha, mzee wa Mafia mwenye ndevu nyeupe, baharia kijana ambaye ndiye mpishi, wao wawili, na mpiga picha aliyekuja na droni kwenye boksi kama anabeba yai.

Safari hii ina msimu wake, usije ukakurupuka. Kuanzia kama mwezi wa 4 unavuma upepo wa kusi, unasukuma chombo kwenda kaskazini. Juni na Julai kusi ni kali, bahari inachafuka. Ikifika Septemba inakuwa imepoa, bado ina nguvu ya kujaza tanga lakini haikutoi roho. Ukitaka kushuka, yaani Mafia kwenda Kilwa, subiri kaskazi ya Desemba mpaka Machi. Mababu walifanya biashara na Arabuni na Bara Hindi kwa pepo hizi hizi mbili. Walienda na mmoja wakarudi na mwingine.

Siku ya kwanza walivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, baada ya kulipia kibali na kupewa mtu wa kuwatembeza. Hapa vijana wengi wanapita kwenye kitabu cha historia wakiwa wamesinzia. Kilwa ilikuwa inatrendi. Dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilipita hapa. Mji ulikuwa na sarafu zake, na mwaka 1944 chache kati ya hizo ziliokotwa mbali kabisa, kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia. Ibn Battuta wa Moroko alifika mwaka 1331 akausifia kuwa ni kati ya miji mizuri. Mwaka 1505 Wareno wakaja wakaupora. Leo kuna Msikiti Mkuu wenye makuba yaliyobaki, Gereza mbele ya maji, na Husuni Kubwa juu ya kijiwamba, kasri la sultani lenye bwawa la kuogelea la pembe nane. UNESCO waliingiza magofu haya kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Kando yake mbuzi wanakula majani, hawana habari.

Dada aliwahi kumwambia shoga yake kwamba pale Husuni Kubwa ndipo alipoanza kujisikia vibaya. Alikaa ukingoni mwa lile bwawa, amevaa gauni jeupe la mkataba, mpiga picha anamwambia kaka, "Mshike kiuno, mwangalie kama juzi umemwona." Kaka akamshika. Wote wawili wakatabasamu kwa ile sura ambayo mwili ushaizoea. Akawaza, hawa wenye nyumba hii nao waliringa hapa, walikuwa na wageni na sifa, na sasa hakuna hata anayejua walikuwa wanagombania nini usiku.

Picha ikapanda jioni ile ile, mtandao ukiwepo. Ndani ya saa moja simu zilikuwa zinatetemeka kama zina homa.

Kabla giza halijaingia nahodha aliwatoa kidogo nje ya mlango wa bandari ili tanga lionekane limejaa kwenye video. Nje kulikuwa na mawimbi. Mpiga picha akatapika mpaka akaanza kuwaomba radhi wazazi wake. Asubuhi alikuwa ameshakata tiketi ya basi la Dar. Akawaachia droni. Hakuna aliyejua kuirusha.

Hori lisilo na mtandao

Kwenda Songo Mnara ilibidi watumie mashine, kwa sababu unaelekea kusini, upepo unakupiga usoni. Wakapita ndani, kwenye njia za maji katikati ya mikoko, maji yakiwa yanajaa. Nahodha hakuwa na ramani mkononi. Alikuwa anasoma rangi: buluu nzito ni kina, kijani ni mchanga, kahawia kaa mbali. Mchana wakatia nanga kwenye hori tulivu mpaka unasikia kaa wakitembea kwenye matope. Baharia akazima mashine.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Watu hawa wawili hawakuwahi kukaa bila kelele. Nyumbani kulikuwa na televisheni, kamera, meneja, majirani. Kaka akajaribu utani kwa kama saa nzima. Nahodha akatabasamu kwa heshima, baharia akacheka mara moja, dada hakucheka kabisa. Simu hazikuonyesha hata mstari mmoja. Jua likazama, baharia akaleta wali wa nazi na changu wa kuchoma, wakala kimya. Usiku walilala juu, kila mtu ndani ya chandarua chake, yule kule omo, huyu huku tezi. Nyota zilikuwa nyingi mpaka zinaudhi.

Kesho yake walitembea kwenye magofu ya Songo Mnara. Huu ulikuwa mji wa matajiri wa miaka ya 1300 na 1400. Nyumba za mawe ya matumbawe zimebaki na kuta, milango ya tao na vishubaka. Unaona kabisa hapa palikuwa sebule, hapa chumba cha ndani. Kaka alisimama kwenye mlango mmoja akasema, "Hii nyumba ilikuwa na vyumba vingi kuliko yetu." Dada akajibu, "Yetu ipi?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya kweli waliyosemezana ndani ya siku mbili.

Maji yalipopwa

Wakati wa kutoka Songo Mnara ilikuwa bamvu, mwezi mpevu, na bamvu kwenye pwani hii si mchezo, maji yanaweza kushuka zaidi ya mita tatu. Walichelewa kung'oa nanga kwa sababu kaka alitaka kurudia video. Nahodha alimwambia mara mbili, "Mwanangu, maji hayasubiri." Kaka akasema dakika tano. Dakika tano zikawa nusu saa, na walipofika karibu na fungu moja la mchanga chombo kikagusa chini, kikasimama. Polepole kikalala ubavu.

Kaka akaruka majini akaanza kusukuma, magoti ndani ya maji, jasho linamtoka. Nahodha akamwangalia, akafungua chupa ya chai.

"Shuka upumzike. Maji yakipwa huwezi kukisukuma chombo. Unasubiri yajae."

"Mpaka saa ngapi, mzee wangu?"

"Saa sita hivi. Labda zaidi."

Saa sita kwenye fungu la mchanga, hakuna kivuli zaidi ya kile cha jahazi lililolala. Baharia akaenda kuokota chaza. Dada na kaka wakatembea mpaka mwisho wa fungu, halafu hakukuwa na pa kwenda tena. Wakakaa.

Kilichosemwa pale dada amekisimulia kwa mtu mmoja tu, na sehemu yake ndiyo hii. Mwaka mmoja na nusu kabla, mimba yao ya pili iliharibika ikiwa na miezi minne. Siku mbili baadaye kaka alimwomba warekodi klipu ya kuchekesha, kwa sababu ratiba ilikuwa imebana na mteja alikuwa anasubiri. Dada alirekodi. Klipu ile ndiyo iliyovuma kuliko zote. Mpaka leo watu wanaiweka kwenye stetasi, wanaandika "hii kapo inaniua". Kila akiiona anajiona tumbo lake chini ya dera, na anajua siku ile alikuwa bado anavuja damu.

Hakuwahi kumwambia kwamba hiyo ndiyo sababu. Alisema ni kuchelewa kurudi, ni hela, ni ndugu zake. Siku ile akalisema lenyewe.

Kaka hakujitetea. Alisema siku ile baada ya kurekodi aliingia kwenye gari, akafunga vioo, akalia mpaka mlinzi wa geti akaja kugonga. Alisema aliogopa, kwa sababu kodi ilikuwa inaisha na kitu pekee anachojua duniani ni kuchekesha watu. Dada akamuuliza, "Kwa nini hukuja kulia ndani, kwangu?" Hakuwa na jibu. Akachora chora mchanga kwa kidole. Muda mrefu ukapita. Maji yakaanza kurudi, kwanza kwenye visigino.

Sasa usikimbilie kusema walirudiana. Hawakurudiana. Walirudi chomboni, wakasaidia kuvuta kamba, jahazi likasimama lenyewe taratibu kama mtu anayeamka.

Sauti ya mtoto

Kituo kilichofuata kilikuwa Fanjove, kisiwa kidogo chenye mnara wa taa wa enzi za Wajerumani. Upepo wa mgongoni, tanga limejaa, hakuna mashine, unasikia tu maji yanachanwa. Waliotembea kwa tanga wanajua hii raha, chombo kinaenda na hakuna kelele. Jioni wakatia nanga upande uliokingwa na upepo. Kwa mbali zikaonekana taa za Songo Songo, kisiwa ambacho tangu 2004 gesi yake inapita kwenye bomba mpaka Dar kufua umeme. Na kwa sababu kuna watu na mitambo, mtandao ukarudi.

Simu zikafufuka. Mteja: anataka video ya mapenzi kabla ya asubuhi, "ya kuzama kwa jua, mkiwa mmekumbatiana". Meneja: picha ya Kilwa imefanya vizuri, ongezeni moto. Na katikati ya hayo yote, sauti kutoka simu ya bibi, Tanga.

"Mama, bibi kanionyesha picha. Umekaa na baba. Sasa baba anarudi kulala nyumbani? Nimeshamwambia mwalimu."

Kaka naye aliisikia. Dada aliirudia mara ya pili, si kwa makusudi, kidole kiliteleza. Hakuna aliyeongea. Walikuwa wamewadanganya watu wengi wasiowajua na hilo walishalizoea, waliita kazi. Hawakuwahi kufikiria kwamba kati ya wanaoangalia yumo mmoja anayeamini kila kitu.

Hata hivyo hela ni hela. Kaka alisema wamalizie tu, imebaki video moja, mtoto wataelewana naye baadaye. Dada akasema hapana. Wakagombana kwa kunong'ona, kwa sababu kwenye jahazi huwezi kubamiza mlango ukaondoka. Nahodha aliyekuwa amejilaza karibu na usukani akageukia upande wa pili, kama mzee anayejua kutosikia. Jua likazama bila video.

Mafia

Safari ya Mafia ilichukua siku nzima. Miezi hii nyangumi wanapita pwani yetu, na mchana nahodha akanyoosha kidole: mama na mtoto, mgongo mweusi unapanda na kushuka. Kaka alirekodi kwa simu. Kwenye video yanaonekana maji tu.

Kuingia ghuba ya Chole lazima upitie mlango wa Kinasi, na mkondo wake una nguvu, hivyo unaingia maji yakijaa. Eneo hili ni hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza Tanzania, unalipa kiingilio na nanga inashushwa kwenye mchanga, si juu ya matumbawe. Nahodha alizunguka mara mbili kabla ya kuridhika na mahali. Jioni wakawaona popo wakubwa wa Chole wakitoka mitini, mabawa kama mwamvuli.

Siku ya mwisho akawapeleka Juani, kwenye magofu ya Kua, mji ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Pale, chini ya mbuyu, akawapa hadithi ambayo watu wa Mafia wanaijua. Zamani Kua na mji mwingine, Kisimani, walikuwa na uadui. Siku ya kushusha jahazi jipya majini, upande mmoja uliwafanyia wenzao ukatili, wakatumia watoto wao kama magogo ya kusukumia chombo. Waliofiwa hawakusema kitu. Wakasubiri miaka. Halafu wakaandaa arusi kubwa, wakawaalika maadui zao kwenye chumba cha chini ya ardhi. Ngoma, vyakula, vicheko. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukajengewa kwa mawe huku walio ndani bado wanacheza.

Kaka akauliza, "Ni kweli hiyo, mzee?"

"Wazee wetu wametuambia hivyo."

Dada alikaa chini. Alimwambia shoga yake kwamba hakusikia vizuri mengine, alibaki na ile picha ya watu wanaocheza na mlango umeshazibwa. Kaka alimtazama, akasimama, akatafuta sehemu yenye mtandao, akampigia mteja yeye mwenyewe. Hakutumia utani. Alisema, "Sisi si mume na mke tena. Hatuwezi kuendelea."

Kilichofuata

Kutoka Mafia kwa ndege ni nusu saa hivi, unatua Dar na mchanga bado uko masikioni. Hapo bili ikaanza kusomwa. Nusu ya pili ya hela haikuja, na sehemu ya ile ya kwanza ikadaiwa. Kaka aliuza gari. Dada alirudi kwenye kazi ndogo ndogo za kusherehesha harusi za watu, kazi aliyokuwa ameshaiacha. Walipotoa tangazo fupi la kuachana, watu waliowaita "mfano wa kuigwa" ndio waliowatukana kuliko wote. Kuna aliyeandika wamemvunjia ndoto. Ile klipu ya kuchekesha kaka aliifuta kwenye ukurasa wake, japo nakala zake bado zinazunguka.

Lakini kabla ya tangazo walipanda basi pamoja mpaka Tanga. Walimwambia binti yao wao wenyewe, barazani kwa bibi, kwamba baba hatarudi kulala nyumbani, ila Jumamosi zake ni za kwake. Mtoto alilia. Akauliza amwambie nini mwalimu. Mama akamwambia, mwambie ukweli, hutapigwa.

Sasa kaka anaonekana Tanga kila baada ya wiki mbili. Wanaokutana naye wanasema anafundishwa kuogelea na mwanawe, na si kwamba anaigiza, hajui kweli.

Kwa mdau anayetaka safari hii: nenda Septemba, kodi chombo chenye nahodha wa huko huko, jaketi la kuokolea liwepo kwa kila mtu, beba dawa ya kichefuchefu, lipa vibali vya Kilwa na hifadhi ya Mafia, na nahodha akisema tuondoke, ondoka. Kama unaenda na mtu mliyegombana, jua kwamba chombo ni kidogo na mtandao hakuna.

Tuachie maoni hapo chini: ungekuwa wewe, hela imebaki nusu, video imebaki moja, ungerekodi au ungepiga ile simu? Na wale mliosema dada angevumilia mpaka mwisho wa mwaka, njooni mtetee hoja yenu bila matusi.